Fedha za Wote Zisomwe Mbele ya Wote

Safu hii imezoea kuzungumza habari za homa, uji wa watoto na kadi za kliniki. Mwezi huu naomba uniruhusu nitoke nje ya wodi niende shambani, tena shamba la mbali, huko Marekani. Nataka tuangalie jinsi serikali ya nchi ile ilivyowagawia wakulima fedha wakati wa janga la korona, na jinsi wananchi walivyopata kujua nani alipewa na nani alikosa.

Huenda ukasema, “Mama muuguzi, hayo yanatuhusu nini sisi tunaolima ekari mbili za mahindi?” Yanatuhusu sana. Kila mahali serikali inapogawa mbolea, mbegu, chakula cha njaa au fedha, maswali huwa ni yale yale: Ni kiasi gani kimetoka? Kimegawiwa kwa kipimo gani? Amepewa nani? Na ni nani aliyeandika? Wenzetu wa Marekani wana kompyuta na wakaguzi wengi, lakini hata wao walipata shida katika maswali hayo. Tukijifunza kwao tutajua la kuuliza hapa kwetu.

Siku maziwa yalipomwagwa

Korona ilipoenea Marekani mwezi Machi 2020, shule, mahoteli na migahawa vilifungwa. Mtu anaweza kufikiri kwamba mkulima hakuguswa, kwa kuwa watu huendelea kula hata wakifungiwa ndani. Lakini katika nchi ile chakula cha shule na cha mahotelini hupita njia moja, na chakula cha nyumbani hupita njia nyingine. Maziwa ya shule hufungwa katika pakiti ndogo ndogo, na yale ya nyumbani hutiwa katika madumu. Kiwanda cha pakiti hakiwezi kugeuka kuwa kiwanda cha madumu kwa siku moja. Na ng'ombe hangoji. Asipokamuliwa kiwele huvimba, naye huugua, kama mama aliyejifungua anavyoumia maziwa yakijaa bila mtoto kunyonya. Kwa hiyo mwezi Aprili 2020 wafugaji wengi walikamua na kumwaga, huku watu wengine mijini wakipanga foleni za kupewa chakula.

Kwa upande wa nyama mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe cha Smithfield kilifungwa mwezi huo huo baada ya mamia ya wafanyakazi kuambukizwa. Viwanda vingine navyo vikafunga au vikapunguza kazi. Nguruwe waliokwisha kunenepa hawakuwa na mahali pa kuchinjwa, na kila siku walikula chakula cha kununuliwa. Wafugaji wengine walilazimika kuwaua na kuwafukia.

Serikali ikachukua hatua. Tarehe 27 Machi 2020 rais alitia sahihi sheria kubwa ya misaada, na ndani yake zilikuwamo dola bilioni 9.5 kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Tarehe 17 Aprili, Idara ya Kilimo ilitangaza mpango wa dola bilioni 19. Kati ya hizo, bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua chakula na kukipeleka kwa wahitaji. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei katika ofisi za wilaya. Mwezi Septemba ikatangazwa awamu ya pili, hadi dola bilioni 14. Malipo yote ya mpango huo yalifikia takriban dola bilioni 31.

Sipingi msaada huo. Mkulima aliyemwaga maziwa kwa amri ya ugonjwa hakuwa na kosa lolote, na nchi isiyomsaidia mkulima wake leo italia njaa kesho. Lakini hesabu ni haki ya mwenye mali, na mwenye mali hapa ni mwananchi anayelipa kodi.

Nguruwe watano na nguruwe elfu tano

Tuanze na kipimo. Fedha zile hazikutolewa kwa kuangalia nani ana shida zaidi. Zilitolewa hasa kwa kuangalia wingi wa mazao au mifugo. Kwa mfano, katika awamu ya kwanza mfugaji wa nguruwe alilipwa, pamoja na malipo mengine, dola 17 kwa kila nguruwe aliyekuwa naye zizini katika kipindi cha katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei 2020.

Hebu chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Mama mwenye nguruwe 5 hupata dola 85. Tajiri mwenye nguruwe 5,000 hupata dola 85,000. Kipimo ni kimoja, wala hakuna aliyeiba. Hata hivyo, yule wa kwanza huenda hana akiba wala benki ya kumkopesha, na dola 85 hazimvushi mwezi. Yule wa pili anaweza kutumia alizopata kununua shamba la jirani aliyefilisika.

Serikali iliweka kikomo. Mtu mmoja hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 250,000 katika awamu moja, na kampuni yenye wenye hisa watatu wanaofanya kazi shambani iliweza kupata hadi dola 750,000. Wapo walioona kikomo hicho ni cha haki, kwa sababu aliyepoteza kingi amepata hasara kubwa. Wapo walioona ni kikubwa mno. Mimi sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachotaka ukione ni kwamba ubishi huo uliwezekana kwa sababu kipimo kilichapishwa. Kila mtu aliweza kukisoma, akapiga hesabu yake, akasema nakubali au sikubali. Kipimo kikikaa kichwani mwa ofisa peke yake, wananchi hawana cha kukubali wala cha kukataa. Wanabaki kunung'unika tu.

Jambo la pili ni uthibitisho. Kwa sababu ya haraka, mwombaji alijaza fomu na kuthibitisha mwenyewe kwamba aliyoyaandika ni kweli. Maofisa walikagua wachache baadaye. Sisi wauguzi tunaelewa jambo hili. Wakati wa dharura unatoa dawa kwanza na kujaza rejista baada ya mgonjwa kutulia. Lakini ni lazima ujaze, na msimamizi apitie. Ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilipouchunguza mpango huo, iliishauri Idara ya Kilimo iyakague malipo hayo kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Hesabu iliyosema yasiyosemwa

Mwezi Machi 2021 waziri wa kilimo, Bwana Tom Vilsack, alizungumza na gazeti la Washington Post akatoa takwimu iliyoshtua wengi. Katika fedha za korona zilizokuwa zimelipwa kwa wakulima chini ya serikali iliyotangulia, karibu dola bilioni 26, wakulima weusi walikuwa wamepata dola milioni 20.8 tu. Hiyo ni kama asilimia 0.1.

Tupige hesabu tena. Kwa sensa ya kilimo ya mwaka 2017, wakulima weusi walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 1 ya wakulima wote wa nchi ile. Kama fedha zingegawiwa kwa vichwa, asilimia 1 ya bilioni 26 ni milioni 260. Wao walipata hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho hawakufikia.

Kwa nini? Sehemu ya jibu imo katika nguruwe watano na nguruwe elfu tano. Wengi wa wakulima hao wana mashamba madogo, na kipimo kilifuata ukubwa. Lakini mashamba yao hayakuwa madogo kwa bahati mbaya. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 925,000. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wamebaki chini ya 50,000. Kwa miaka mingi walinyimwa mikopo, au walipewa wakati msimu umekwisha kupita. Mwaka 1999 serikali yenyewe ilikubali kuwalipa fidia wakulima weusi walioishtaki kwa ubaguzi katika mikopo. Mtu aliyenyimwa mkopo jana ana shamba dogo leo, na mwenye shamba dogo leo hupata msaada mdogo kesho. Ndivyo dhuluma ya zamani inavyoweza kujificha ndani ya kipimo kinachoonekana sawa kwa wote.

Mwezi huo huo wa Machi 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia madeni wakulima waliobaguliwa kwa rangi, fedha zinazokadiriwa kuwa dola bilioni 4. Wakulima weupe walikwenda mahakamani wakidai kwamba huo nao ni ubaguzi, na mahakama zikausimamisha mpango. Mwaka 2022 sheria hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine kwa ajili ya yeyote anayeweza kuonyesha kwamba alibaguliwa katika mikopo ya idara ile. Mwezi Julai 2024 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 43,000 wamelipwa jumla ya kama dola bilioni 2. Wengine walisema zimechelewa mno, kwa kuwa wazazi wao walikufa wakisubiri.

Mpendwa msomaji, fikiria kama takwimu ile isingetolewa. Wakulima wale wangeambiwa, “Mnalalamika tu, kila mtu alipata.” Kila mmoja angedhani ni yeye peke yake aliyekosa bahati. Hesabu iliyoandikwa na kusomwa ndiyo iliyoonyesha kwamba tatizo halikuwa la mtu mmoja mmoja.

Shamba la ngano juu ya mchanga

Kulikuwa na mpango mwingine wakati ule, ulioitwa PPP. Huo ulizikopesha biashara ndogo, wakiwamo wakulima, na mkopo ulisamehewa kama masharti yalitimizwa. Ofisi iliyousimamia ilikataa kutoa orodha kamili ya majina na kiasi ambacho kila mmoja alipata, ikisema hizo ni siri za wafanyabiashara. Vyombo vya habari vikaishtaki. Mwezi Novemba 2020 jaji aliamuru orodha itolewe, na mwanzoni mwa Desemba ikatoka.

Kilichofuata ni fundisho. Mwezi Mei 2021 waandishi wa shirika la habari la ProPublica walieleza kwamba walipoipitia orodha hiyo na kuilinganisha na kumbukumbu za biashara, waligundua mikopo 378, yenye jumla ya dola milioni 7, iliyopewa biashara ambazo hazikuwapo. Nyingi zilikuwa zimeandikwa kuwa ni mashamba. Lilikuwapo “shamba la ngano” pwani ya New Jersey, mahali ambapo watu hujenga nyumba za kupumzikia karibu na bahari na ardhi yake ni mchanga mtupu. Lilipewa dola 20,833. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe, akipita pale, angejua kwamba ngano haiwezi kuota. Lakini waliotoa fedha walikuwa mbali, wakiangalia fomu kwenye kompyuta.

Hapo utaona faida mbili za orodha kuwa wazi. Kwanza, jirani anajua lisilojulikana ofisini. Anajua kwamba fulani hana shamba, kwamba ng'ombe waliotajwa ni wa shemeji yake, kwamba mzee yule alikwisha kufariki. Pili, orodha iliyo wazi humlinda asiye na hatia. Wapo watu waliokuta anwani zao zimetumiwa bila wao kujua. Kama orodha ingebaki kabatini, wangejua lini kwamba wana “shamba”?

Siri ya mgonjwa na hesabu ya dawa

Sasa nije kwenye swali gumu, ambalo akina mama wengi huniuliza. Je, si vibaya kutangaza mambo ya mtu? Mkulima naye ana heshima yake. Kwa nini jirani ajue ameingiza kiasi gani?

Mimi kwa kazi yangu nimefundishwa kutunza siri. Ugonjwa wa mtu hausemwi sokoni, wala kwa mume wake, mpaka mwenyewe akubali. Lakini katika kituo hicho hicho kuna leja ya dawa. Imeandikwa makopo mangapi yamepokelewa, mangapi yametumika, na mangapi yamebaki. Leja hiyo hukaguliwa na kamati ya wananchi. Siri ya mgonjwa na hesabu ya dawa ni vitu viwili. Anayesema leja isifunguliwe kwa sababu ya siri za wagonjwa, mwangalie vizuri.

Marekani walikwisha kulibishania jambo hili kabla ya korona. Mwaka 1996 mahakama ya Washington iliamua kwamba majina ya waliopokea ruzuku ya pamba na kiasi walichopewa yatolewe, kwa kuwa faida ya umma kujua ni kubwa kuliko haja ya kuficha. Baadaye shirika la kiraia liitwalo Environmental Working Group liliziweka orodha za ruzuku za kilimo kwenye intaneti, mtu yeyote akaweza kutafuta kwa jina au kwa wilaya. Kisha mwaka 2008 Bunge lilizuia kutolewa kwa baadhi ya taarifa ambazo wakulima huipa serikali kuhusu mashamba yao na mahali yalipo, lakini taarifa za malipo hazikufungwa. Unaona walivyotenganisha? Mambo ya shamba lako ni yako, lakini fedha za wote zinajulikana kwa wote.

Ulaya nako kuna fundisho. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikichapisha majina ya kila aliyepokea ruzuku ya kilimo. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Umoja huo, katika kesi iliyotoka jimbo la Hessen huko Ujerumani, iliamua kwamba kuchapisha majina ya watu binafsi wote bila kutofautisha kiasi wala muda ni kupita kiasi. Hawakuacha kuchapisha. Mwaka 2013 walitunga kanuni mpya: aliyepata kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi euro 1,250 kwa mwaka, jina lake halitolewi, aliyepata zaidi ya hapo hutajwa.

Naiona hekima katika njia hiyo. Bibi mjane anayepewa debe la mahindi kwa kuwa hana kitu asibandikwe ukutani mjini kama tangazo. Inatosha wanakijiji wenzake wamthibitishe katika mkutano. Lakini mtu anayepokea mamilioni ya fedha za umma hawezi kusema jina lake ni siri. Kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo pazia linavyopaswa kuwa jepesi.

Na hapa nyumbani?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu wenye mabilioni. Basi turudi Tanzania, hata kama mfano wenyewe ni wa kabla ya korona. Kuanzia msimu wa 2008/2009 serikali iligawa vocha za pembejeo, ili mkulima mdogo apate mbegu bora na mbolea kwa bei nafuu. Mpango ulikuwa mzuri. Kila kijiji kiliunda kamati ya vocha ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kupewa kipaumbele.

Watafiti waliofuatilia ugawaji huo mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, walikuta kwamba kama asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na barabara, na vile ambavyo tofauti ya matajiri na maskini ni kubwa.

Angalia jambo hilo kwa makini. Kamati ilikuwapo. Wanawake watatu walikuwamo. Kanuni ilikuwa imeandikwa. Hata hivyo, zaidi ya nusu ilibaki mikononi mwa wenye nafasi. Kwa hiyo kuunda kamati hakutoshi, na kuwapa wanawake viti hakutoshi, kama orodha haisomwi na kama anayeisikia anaogopa kuuliza.

Sheria haituzuii. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamke kwa mwanamume, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa pale. Tena tangu mwaka 2016 nchi yetu ina sheria inayompa mwananchi haki ya kupata taarifa zilizo katika ofisi za umma. Mlango upo. Kinachotushinda mara nyingi ni kwamba siku ya mkutano sisi akina mama tuko mtoni, jikoni au shambani, na waliokwenda wanarudi kutuambia yaliyokwisha kuamuliwa.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, uliza kipimo kabla ya majina. Msaada wowote unapotangazwa, uliza: “Anayestahili ni nani? Imeandikwa wapi?” Ukijua kipimo mapema, utaweza kuipima orodha ikitoka. Ukisubiri mpaka majina yasomwe, utaonekana una wivu tu.

Pili, angalia jina lililoandikwa ni la nani. Kwa sensa ile ya Marekani ya mwaka 2017, wanawake walikuwa asilimia 36 ya wakulima wote, na walihesabiwa kwa sababu fomu iliruhusu kutaja zaidi ya mkulima mmoja katika shamba moja. Kwetu mama analima, anapalilia na kuvuna, lakini kwenye daftari limeandikwa jina la baba peke yake. Akifariki baba, au akihama na kuanza maisha mengine, mama anakuwa si mkulima tena kwa mujibu wa karatasi. Wanandoa wazungumze jambo hili wakiwa wazima na wenye amani, waandikishwe wote wawili.

Tatu, weka daftari lako. Andika tarehe, ulichoahidiwa, ulichopokea na nani alikukabidhi. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo haijajazwa kiasi. Katika wodi tunasema kwamba lisiloandikwa halikufanyika. Shambani ni hivyo hivyo: mwenye daftari husikilizwa kuliko mwenye kelele.

Nne, omba orodha isomwe kwa sauti na ibandikwe. Wapo wasiojua kusoma, na wapo wasioweza kufika. Isomwe mkutanoni, kisha ibaki kwenye ubao wa matangazo kwa siku kadhaa kabla ya mgao, ili makosa yarekebishwe mapema. Kurekebisha jina kabla ya mgao ni kazi ya kalamu. Baada ya mgao ni kazi ya mahakama.

Tano, uliza kwa adabu wala usituhumu bila ushahidi. Si kila aliyekosewa jina ameibiwa. Mwandishi huweza kuchoka, na majina hufanana. Sema, “Ndugu mwenyekiti, naomba kueleweshwa.” Kiongozi mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa kuwa orodha iliyosomwa humlinda yeye pia dhidi ya maneno ya vijiweni.

Neno la mwisho

Majanga hayajaisha duniani. Kesho inaweza kuwa ukame, mafuriko, nzige au ugonjwa mwingine tusioujua jina. Serikali itatoa msaada kwa haraka, na haraka ndiyo saa ambayo mkono mrefu hupata nafasi. Tusisubiri siku hiyo ndipo tuanze kujifunza kuuliza. Tuanze na yale madogo yaliyo karibu: hesabu ya kikundi cha kuweka na kukopa, michango ya msiba, fedha za maji ya kijiji. Kikundi kinachosoma hesabu zake kila mwezi mbele ya wanachama wote huwazoesha watu wake kutoogopa leja. Binti anayemwona mama yake akisimama mkutanoni na kuuliza kwa upole, “Zilikuwa ngapi, na zimekwenda wapi?” atajua tangu utoto kwamba kuuliza ni haki yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Msaada wa mwisho uliofika kijijini au mtaani kwenu uligawiwa kwa kipimo gani? Nani kati yenu anaweza kukieleza?

2. Katika familia yako, ni jina la nani lililoandikwa kwenye daftari la wakulima? Je, mmewahi kulizungumza?

3. Ni msaada wa aina gani ambao majina ya wanaoupokea yasibandikwe hadharani, na nani ahakikishe kwamba umefika?